Dinh Q. Lê na vita vya Vietnam ambavyo Hollywood haikutuonyesha

Waulize waliokulia mijini kwetu miaka ya 1980 na 1990 waliijulia wapi Vietnam, na wengi watakujibu papo hapo: kwa Rambo. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, Sylvester Stallone alijifunga kitambaa kichwani, akakamata bunduki kubwa, akaingia msituni kuwamaliza watu ambao hakuna aliyetuambia majina yao. Tulishangilia. Siku hizi Watanzania na Warundi wengi wanapiga simu kupitia Halotel na Lumitel, kampuni zilizoletwa na Viettel ya Vietnam, ila Vietnam iliyomo vichwani mwetu ni ileile ya kibandani: msitu, moshi, helikopta, na Mmarekani mmoja anayeteseka katikati ya Waasia wasio na sura.

Kichekesho ni kwamba hata msitu wenyewe haukuwa wa Vietnam. Rambo ya pili, ya mwaka 1985, ilipigwa Mexico. Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola (1979) na Platoon ya Oliver Stone (1986) zilipigwa Ufilipino. Full Metal Jacket ya Stanley Kubrick (1987) ilipigwa Uingereza. Zile helikopta zinazotisha katika filamu ya Coppola zilikuwa za jeshi la Ufilipino, enzi za Rais Ferdinand Marcos. Vita vilipiganwa Vietnam, Wavietnam wakafa humo, lakini filamu zilipokuja kutengenezwa, nchi yao haikuhitajika wala kauli yao haikuulizwa.

Msanii Dinh Q. Lê alitumia zaidi ya miaka 30 kupambana na picha hizo. Alifariki Aprili 2024 katika Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Saigon, kwa ugonjwa wa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 56. Maoni yangu ni kwamba hakuna msanii wa kizazi chake aliyeonyesha wazi zaidi namna ya kuidai historia iliyokwisha kusimuliwa na wengine. Hakuzisusia picha za wakubwa. Alizichukua, akazikata, akazisuka upya pamoja na za kwao. Kisha akafanya jambo ambalo wasanii wengi waliofanikiwa ughaibuni hawalifanyi: akarudi nyumbani na kuwafungulia wengine mlango.

Alizaliwa mwaka 1968 huko Hà Tiên, mji mdogo wa pwani kusini mwa Vietnam, karibu kabisa na mpaka wa Kambodia. Mwaka 1968 ndio ule wa mashambulizi ya Tet, vita vikiwa vimepamba moto. Marekani ilishindwa na Saigon ikaanguka mwaka 1975, lakini kwa watu wa Hà Tiên amani haikuja. Wapiganaji wa Khmer Rouge wa Pol Pot walianza kuvuka mpaka kutoka Kambodia na kuua wanavijiji. Mwaka 1978 familia ya Lê ikapanda mashua na kukimbilia Thailand, na baadaye ikafika Marekani. Mtoto wa miaka kumi akajikuta anajifunza Kiingereza katika nchi ileile iliyokuwa imedondosha mabomu juu ya nchi yake, huku akikimbia jeshi ambalo Wamarekani wengi hawakuwa hata wamelisikia. Tangu mwanzo, basi, hadithi yake haikuingia katika kisanduku kilichotayarishwa cha Mmarekani dhidi ya mkomunisti.

Alisomea Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, akaanza na kompyuta kabla ya kuhamia sanaa, na kuhitimu mwaka 1989. Huko alichukua somo kuhusu Vita vya Vietnam, akakuta kwamba karibu maumivu yote yanayozungumzwa darasani ni ya askari wa Marekani. Kijana akatengeneza mabango yenye picha za mateso ya Wavietnam na kuyabandika chuoni. Ukitaka kuelewa hasira yake, fikiria ukuta wa kumbukumbu uliozinduliwa Washington mwaka 1982, kazi nzuri sana ya msanifu majengo Maya Lin. Una majina zaidi ya 58,000, yote ya upande mmoja. Serikali ya Vietnam imekadiria kwamba Wavietnam waliokufa, raia na wapiganaji pamoja, ni wapatao milioni tatu. Ukuta wa kuwaandika wote ungelazimika kuwa mrefu mara hamsini hivi.

Mabango yanabanduliwa. Kazi iliyodumu ilitokana na kitu alichokiona utotoni, shangazi yake akisuka mikeka ya nyasi. Lê alisafisha picha kubwa za rangi, akazikata vipande vyembamba virefu, kisha akaanza kuvisuka: kimoja juu, kimoja chini, vya wima vikipishana na vya mlalo, hadi picha mbili au zaidi zikawa kitambaa kimoja. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa sana. Tofauti ni kwamba kwetu ukili husukwa kwanza, kisha hushonwa kuwa mkeka, ilhali yeye alikisuka kipande chote kwa pamoja na kukipiga upindo kwa utepe wa kitani. Ukisimama mbali unaona sura mbili zinagombania nafasi moja. Ukisogea karibu sura zote zinapotea, unabaki na vijiraba vya rangi, jicho hapa, kidole pale. Ukirudi nyuma, aliyeonekana mwanzo sasa ni yule mwingine.

Mwanzoni alisuka sura yake mwenyewe pamoja na michoro mashuhuri ya Kikristo ya Ulaya. Ilikuwa namna ya kujiuliza kijana wa Kivietnam aliyelelewa Marekani ni nani hasa. Baadaye akageukia waliomfukuza kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alichukua picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la Phnom Penh ambako Khmer Rouge walimpiga picha kila aliyeingizwa kabla ya kumtesa na kumuua, akazisuka pamoja na nakshi za mawe za mahekalu ya Angkor. Utukufu wa ustaarabu mmoja na aibu yake vikawa juu ya ukuta mmoja, na huwezi kuangalia kimoja bila kingine kuingia machoni.

Mfululizo wake uliojulikana zaidi, alioufanya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaitwa Kutoka Vietnam hadi Hollywood. Humo alisuka vipande vya filamu hizohizo za kina Coppola na Stone pamoja na picha za waandishi wa habari za wakati wa vita na picha za familia za Wavietnam zisizojulikana wenyewe. Chukua mfano wa picha aliyoipiga Eddie Adams tarehe 1 Februari 1968, mkuu wa polisi wa taifa wa Vietnam Kusini akimpiga mfungwa risasi ya kichwa katika barabara ya Saigon. Picha ile ilimpa Adams tuzo ya Pulitzer, ikageuza maoni ya Wamarekani wengi kuhusu vita, na imechapishwa mara zisizohesabika hata macho yameizoea. Lê alipoisuka ndani ya picha za waigizaji wa Hollywood, ukweli ukawa nusu umefichwa na uongo, na uongo ukawa umetobolewa na ukweli. Ndivyo kumbukumbu ya vita hivyo inavyokaa vichwani mwetu pia. Hakuna anayeweza kuapa kwamba picha aliyonayo akilini ni ya gazeti au ya filamu.

Hapo ndipo ninapomwona amewazidi walalamikaji. Ni rahisi kusema Hollywood imetudhulumu, na ni kweli imewadhulumu wengi. Lakini malalamiko humwacha mlalamikiwa na mali yake mkononi. Lê alizikata picha hizo kwa kisu, akazitumia kama nyuzi za kazi yake mwenyewe. Hakusubiri wenye studio watengeneze filamu ya haki zaidi.

Katikati ya miaka ya 1990 alirudi kuishi Saigon. Familia ilipokimbia mwaka 1978 iliacha nyuma albamu zake za picha, kama zilivyofanya familia nyingi. Lê akaanza kupita kwenye maduka ya vitu vya zamani, akinunua marundo ya picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizotupwa au kuuzwa na wenyewe: maharusi, watoto waliovalishwa vizuri kwenda studio, vijana juu ya pikipiki, mama aliyesimama mbele ya nyumba mpya. Alikuwa na matumaini kwamba siku moja angekutana na ya kwao. Nyingi kati ya picha hizo alizishona pamoja kwa uzi, zikawa pazia kubwa linaloning'inia, na nyuma yake akaandika maneno yaliyotoka katika barua, mahojiano na Hadithi ya Kiều, utenzi mkuu wa Wavietnam. Kazi hiyo aliiita Mot Coi Di Ve, jina la wimbo wa Trịnh Công Sơn, mtunzi anayependwa sana Vietnam.

Unapotazama picha hizo, kinachokushtua ni jinsi zilivyo za kawaida. Hakuna maiti, hakuna moto. Watu wanatabasamu, wanachana nywele, wanaoa. Kwa mtu aliyezoea Vietnam ya Rambo, hili ni pigo kubwa kuliko picha yoyote ya damu, kwa sababu linamlazimisha kukiri kwamba katikati ya vita kulikuwa na nchi nzima ya watu walioendelea kuishi.

Hakuwa mtu wa kukwepa maumivu, hata hivyo. Mwaka 1998 aliweka kibanda katika soko la Saigon, akauza nguo za watoto za ajabu: fulana za shingo mbili na vitu vingine vilivyotengenezwa kwa ajili ya mapacha walioungana. Wapita njia walisimama, wakashika kitambaa, wakacheka kidogo, kisha wakaelewa. Kati ya mwaka 1961 na 1971 jeshi la Marekani lilimwaga kutoka angani zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, nyingi zikiwa ile inayoitwa Agent Orange, iliyokuwa na sumu kali ya dayoksini. Wavietnam wanaihusisha sumu hiyo na watoto waliozaliwa na vilema vizito. Wakati ule jambo hilo halikuzungumzwa sana hadharani hata Vietnam kwenyewe. Kuliweka sokoni, kati ya wauza viatu na wauza vitambaa, kulihitaji moyo zaidi kuliko kulitundika katika jumba la sanaa la New York.

Lakini ningelazimishwa kuchagua kazi yake moja ya kumwonyesha mtu asiyemjua, ningechagua Wakulima na Helikopta, ya mwaka 2006, aliyoifanya kwa kushirikiana na wasanii Tuan Andrew Nguyen na Phu-Nam Thuc Ha. Ni filamu fupi inayoonyeshwa kwenye skrini tatu kwa wakati mmoja. Wanakijiji wanaeleza jinsi walivyoogopa mngurumo wa helikopta, jinsi walivyokimbia na kujificha, na picha za Hollywood zinaingilia maneno yao. Kisha anatokea Trần Quốc Hải, fundi aliyejifunza mwenyewe, ambaye kwa kushirikiana na mkulima Lê Văn Danh aliunda helikopta kwa mikono yao kutokana na vyuma na vipuri vya kuokoteza. Hải anaeleza alichokusudia: chombo cha kusaidia kilimo na kuokoa watu wakati wa maafa.

Filamu hiyo ilipoonyeshwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York, mwaka 2010, helikopta nzima ya kina Hải iliwekwa ukumbini pamoja nayo. Jumba hilo hatimaye likainunua kazi hiyo. Fikiria Mmarekani wa miaka 60 aliyeingia pale. Maisha yake yote helikopta ya Vietnam imekuwa moja tu, ile ya askari wake. Sasa mbele yake kuna nyingine, yenye maungio ya fundi wa kijijini, iliyoundwa na watu waliokuwa chini wakipigwa. Lê hakumhubiria mtu huyo. Alimwacha na chuma kile akikizunguka mwenyewe.

Wapo wanaomkosoa, na hoja zao si za kupuuzwa. Wengine husema aliondoka Vietnam akiwa mtoto, akasomeshwa Marekani, akauza kazi zake katika majumba ya sanaa ya New York, hivyo hana haki ya kuisemea nchi. Wengine husema picha zake zilizosukwa zilikuwa nzuri mno, na uzuri ukishakuwa mwingi machungu huyeyuka, kazi ikawa pambo la sebule ya tajiri. Na lipo swali gumu zaidi: wafungwa wa Tuol Sleng walipigwa picha na wauaji wao. Nani aliyetoa ruhusa sura zao zikatwe vipande, zisukwe na kuuzwa?

Katika la pili nawakubalia kwa sehemu. Katika miongo mitatu ya kusuka, zipo kazi ambazo mng'ao wa rangi unameza kila kitu, na ni kweli mtu anaweza kuitundika ukutani bila kuwaza lolote. Kuhusu Tuol Sleng sina jibu litakalomridhisha kila mtu, ila nasema hivi: picha zile zilipigwa ili kumgeuza mtu kuwa faili la kufungwa. Katika kazi za Lê, mtazamaji analazimika kumtafuta mtu huyo, kusogea na kurudi nyuma mpaka amwone. Hilo ni heshima zaidi kuliko kuziacha zipitiwe na watalii kwa haraka.

Ama hoja ya kwanza, ya haki ya kusema, Lê aliijibu kwa miguu yake. Alirudi, akakaa, akazeekea huko, akafia huko. Na mwaka 2007, pamoja na Tuan Andrew Nguyen, Tiffany Chung na Phu-Nam Thuc Ha, alianzisha Sàn Art, kituo huru cha wasanii jijini Ho Chi Minh. Vietnam ni nchi ya chama kimoja na maonyesho ya hadhara yanahitaji kibali cha serikali. Msanii kijana asiyechora yale yanayopendwa na wakubwa alikuwa na mahali pachache pa kwenda. Sàn Art ikampa ukuta wa kutundika kazi, vitabu vya kusoma, wageni wa kubishana nao. Yeye angeweza kubaki Los Angeles akauza kazi zake kwa amani, akawa Mvietnam wa kuitwa kwenye makongamano. Alichagua kuhangaika na vibali.

Matunda yameonekana. Nguyen, mwenzake wa tangu enzi za helikopta, leo ni msanii mwenye jina kubwa, na mwaka 2019 alifanya kazi kuhusu Wasenegali wenye damu ya Kivietnam: vizazi vya askari Waafrika ambao Ufaransa iliwapeleka kupigana Indochina, wakarudi Dakar na wake na watoto kutoka huko. Kumbe historia ya Vietnam ina Waafrika ndani yake, na aliyekuja kutukumbusha ni mmoja wa watu waliokuwa na Lê alipokifungua kituo hicho.

Jambo jingine linalonifanya nimheshimu ni kwamba hakuishia kuisemea familia yake tu. Yeye alitoka upande wa Kusini, upande ulioshindwa, uliopanda mashua. Hata hivyo, katika maonyesho ya Documenta, Ujerumani, mwaka 2012, alipeleka michoro ya wasanii wa upande wa Kaskazini waliokwenda vitani na kalamu na rangi zao, pamoja na filamu ya kuwahoji. Walikuwa wazee, na michoro yao, iliyojaa mapumziko, usingizi na sura za wenzao, inaonyesha askari ambao Rambo hakuwahi kukutana nao. Mkimbizi huyo aliwasikiliza waliokuwa upande wa pili na kuwapa nafasi. Wangapi kwetu wanaweza hivyo, sisi ambao bado tunasimulia vita vya majirani zetu kwa kuangalia kwanza msimulizi ni kabila gani?

Ndiyo maana nasema habari za msanii huyu zinatuhusu. Picha nyingi za Tanganyika ya enzi za Wajerumani zimo katika hifadhi za Ujerumani. Wengi duniani wanaijua Rwanda ya mwaka 1994 kwa filamu ya Hotel Rwanda, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Tunaweza kuendelea kulalamika, na tutakuwa na haki. Lakini Lê ametuonyesha kwamba kazi inaanza na kile ambacho bado kimo mikononi mwetu, na kwamba kikipotea, hata msanii hodari ataishia kupekua marundo ya picha za watu wasiomjua.

Kwa wasanii wetu waliofika mbali, ombi langu ni moja: jengeni kitu huku, hata kiwe chumba kimoja chenye ukuta mweupe na rafu ya vitabu. Kwa wakurugenzi wa makumbusho na vyuo, nendeni mkazikusanye picha za studio za zamani kabla wenye studio hawajafariki na hasi zake kutupwa. Na kwako msomaji, kazi yako ni nyepesi kuliko zote na haingoji bajeti ya mtu. Wikiendi hii toa albamu ya mama au ya bibi yako, keti naye, mwulize huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani. Kisha chukua kalamu uandike majina nyuma ya kila picha.